Mahali Nilipoituma Boti

Miaka ile watu walipokuwa wakivuka kutoka Burundi, mimi nilikuwa mchora ramani wa shirika moja la misaada pale Kigoma mjini. Mchora ramani ni jina la kujikweza. Nilikaa mbele ya kompyuta katika chumba chenye feni mbovu nikaweka nukta: choo hapa, bomba la maji pale, hema la wagonjwa kule. Kila asubuhi wakubwa walitaka ramani mpya ya Kagunga, kijiji cha mpakani walikoshukia wakimbizi, na kila asubuhi ile ya jana ilikuwa imeshapitwa, maana ufuko wa kule umebanwa na mlima na watu walizidi kushuka. Nyumbani Ujiji mama yangu aliwaambia majirani kwamba binti yake ameajiriwa kuangalia picha. Sikumbishia.

Lakini nilikuwa na majivuno na kazi ile, lazima niseme. Kila wiki nilipokea kwa barua pepe jarida la habari za watumiaji wa programu za ramani, nami nililisoma kama wengine wanavyosoma kurasa za mpira: picha za setilaiti za wapi zimefanywa upya, kitufe gani kimeongezwa, ramani gani mpya ya msingi imetoka. Ramani ya msingi ndiyo ile inayolala chini, yenye milima na mito na majina, halafu wewe unaweka mambo yako juu yake. Wiki ile jarida lilisifia moja ambayo majina yake yanajipanga yenyewe yasigongane. Ukivuta karibu yanasogea, ukirudi mbali yanasogea tena. Ile yangu ya zamani ilikuwa mbaya kwa sura, kila kilele kimewekewa pembetatu nyeusi na jina limebanwa pembeni. Nikaitupa. Ile mpya niliipakua kwa siku mbili kwa intaneti yetu ya kuvizia, na ilipokamilika nikamwita kila aliyepita mlangoni aje aone ilivyo nzuri.

Simu ya dharura haikuwa kazi yangu. Mwenye nayo alikuwa amekwenda Kagunga siku hiyo, akaniachia mezani na kuniambia haipigwi mara kwa mara. Saa nne asubuhi ikalia.

"Dada, turi mu mazi," alisema mwanamke, kisha akarudia kwa Kiswahili. "Tuko majini. Mashine imekufa."

Namba alipewa na dada yake aliyevuka wiki iliyotangulia. Walikuwa watu ishirini na watatu kwenye mtumbwi mmoja mkubwa, wameondoka alfajiri mbali na doria, na injini ikazima kabla hawajaipata Kagunga. Simu yake ilikuwa ya vitufe, na chaji imebaki kijiti kimoja.

"Mko wapi?" nikamuuliza.

"Mu ziwa."

Nilitaka kumfokea. Kisha nikatazama skrini yangu nikaona kwamba hata mimi sina jibu bora kuliko hilo. Nchi kavu ilijaa vijito na vijia na majina, lakini ziwa lilikuwa bluu tupu kutoka pwani yetu mpaka Kongo. Hakuna aliyewahi kuweka kitu pale.

"Upepo unatoka kusini," akasema. "Unaturudisha. Tukirudi kule, dada, wanaume wetu hawatapona. Umugabo wanje wanamtafuta kwa jina."

Umugabo wanje, yaani mume wangu. Nilimsikia huyo mume nyuma yake, akiwahimiza watu wachote maji watoe nje.

Yeye ndiye aliyenipa njia. "Mimi nauza ndagala, hawa dagaa," alisema, "ziwa hili sikuanza kulitembelea leo." Akaniambia kwamba akitazama Tanzania, mlima mmoja, ambao wavuvi wa pande zote mbili wanaujua, umekaa sawasawa juu ya kanisa jeupe la ufukweni. Na akitazama kusini, rasi ya karibu imeanza tu kuifunika ncha ya rasi ya mbali. Nimekulia Ujiji, nikaelewa papo hapo. Hivyo ndivyo wavuvi wanavyokumbuka mahali pa kutega: unachukua kitu cha mbele na kitu cha nyuma nchi kavu, vikikaa pamoja uko kwenye mstari wao, unachukua vingine viwili upande mwingine, na mistari miwili inapokutana ndipo ulipo. Na mimi nilikuwa na mashine ya kuchora mistari.

Nikachora. Kutoka kwenye mlima, kupita kwenye kanisa, mpaka majini. Kutoka rasi hadi rasi, mpaka majini. Mistari ikakatana, nikaweka nukta nyekundu, na ilikuwa mara ya kwanza kwangu kuweka kitu ziwani. Nikampigia nahodha wa boti yetu, mtu wa Katonga, mzee wa maneno makali, aliyekuwa Kagunga akishusha mahema. Nikamsomea namba za GPS akaziandika, akang'oa nanga.

Dakika arobaini. Kila baada ya muda mwanamke alipiga, akasema maneno matatu na kukata ili kutunza chaji. "Bado tuko." "Mtoto anatapika." "Mlima umeanza kutoka kanisani." Hilo la mwisho maana yake ni kwamba wanasogea, lakini nilihesabu kwamba kwa mwendo huo bado boti itawaona.

Nahodha akapiga, akasema ukungu umeanza kushuka ziwani. Akanisomea namba zake nikaziingiza, na nukta yake ikaangukia juu ya nukta yangu. Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi kama mtu aliyefunga goli. Nikampigia mwanamke kabla hata nahodha hajamaliza kusema.

"Boti imefika hapo mlipo. Tazameni."

"Hatuoni kitu, dada."

"Ipo. Kuna ukungu. Ipo hapo hapo, tazameni vizuri, pungeni nguo."

"Ego," akasema. "Ego, dada. Urakoze." Ndiyo, asante. Nikamsikia akiwaambia wenzake, na sauti nyingi zikapanda kwa pamoja.

Niliporudi kwa nahodha aliniambia, "Binti, hapa maji tu."

"Zunguka, mzee. Wapo."

"Nimezunguka. Maji tu."

"Basi hutazami!" Nilimpandishia sauti mtu wa umri wa baba yangu. Kwa dakika kumi nzima nilimzungusha mahali pale, nikimwambia aende kidogo huku, kidogo kule, kwa sababu mistari yangu ilikuwa imekatana vizuri na sikuona sababu ya kuitilia shaka. Hasira yangu nayo huwa inanijia haraka kuliko akili. Ili tu kumwonyesha kwamba nina hakika, nikavuta ramani karibu, kwenye ule mlima, ili nimsomee upya kila kitu.

Jina la mlima likasogea.

Liliondoka pale nilipoanzishia mstari, likapanda juu ya kilele chenyewe, mbali kidogo upande wa kusini. Nilipokuwa nimerudisha ramani mbali ili nione ziwa na milima pamoja, jina lilikuwa limesukumwa kaskazini lisigongane na jina la kijiji, nami nikalichukua jina nikadhani ni mlima. Kwenye ile ramani yangu mbaya kwa sura nisingeweza kufanya kosa hilo, pembetatu ingekuwa pale pale. Huku milimani tofauti ilikuwa upana wa kidole kwenye skrini. Lakini mstari ukishapita kanisani na kuingia ziwani, unazidi kupotoka kadiri unavyokwenda, na kule walikokuwa wao ilikuwa imefika kilomita nne.

Sikulia wakati huo. Nilichora upya, vidole vikigonga vitufe visivyo, nikamsomea nahodha namba mpya na kumwambia kosa ni langu.

"Mafuta niliyo nayo ni ya kwenda huko na kurudi, basi," akasema. "Ukikosea tena, na mimi nitaogelea." Akaenda.

Nikampigia mwanamke nimwambie wasitazame tena pale, wasubiri. Simu ilikuwa imezima. Niliipiga tena na tena, nikijua imezima, nikisikiliza ile sauti ya kike ya mtandao ikiniambia kwa adabu kwamba mtu ninayempigia hapatikani. Niliomba. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo sijayatimiza mpaka leo.

Walipatikana. Nahodha alipiga akiwa anapiga kelele juu ya mlio wa injini, na nyuma yake kulikuwa na watoto wanalia, na kwangu hakuna mlio uliowahi kuwa mtamu kama huo. "Nimewapakia," alisema. "Ishirini na wawili."

"Ishirini na watatu, mzee."

"Wanasema mmoja aliondoka."

"Aliondoka kwenda wapi?"

"Kutufuata sisi. Waliambiwa boti ipo karibu. Hawakuiona, wakaogopa itawapita ukunguni. Akajitosa na dumu la njano, akaelekea upande wa Kagunga kuja kutupokea."

Alimtafuta mpaka mafuta yakafika pale ambapo angewahatarisha wale aliowabeba, kisha akageuza. Mtumbwi ulikuwa umesukumwa na upepo haraka kuliko mtu anavyoweza kuogelea, kwa hiyo hata angetaka kurudi kwa wenzake asingewapata. Nahodha hakunilaumu, na hiyo ilinitesa kuliko matusi. Jioni niliandika taarifa: mtu mmoja alizama kabla boti haijafika. Hakuna neno la uongo ndani yake. Wakubwa walinipongeza kwa ubunifu wa mistari.

Siku ya tatu alikuja ofisini. Sikumjua kwa sura, lakini alipoamkia tu nikaijua sauti. Alikuwa amejifunga kitenge cha kupewa, mtoto mgongoni, na mwingine amemshika mkono. Kesho yake basi lilikuwa linawapeleka kambini.

"Ni wewe dada wa ramani?"

"Ni mimi."

"Nimekuja kukushukuru. Na kukuomba. Nionyeshe umugabo wanje alipoingia majini."

Nilimpa kiti akakataa. Nikafungua ramani ya siku ile, nikavuta karibu mpaka skrini yote ikawa bluu na nukta moja, ile ya pili, iliyo sahihi, iliyorudishwa nyuma kidogo kwa mwendo wa upepo. "Hapa," nikasema. "Karibu na hapa."

Alitazama muda mrefu. Mtoto alitaka kugusa kioo, akamzuia. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Na boti ilikuwa wapi uliponiambia imefika?"

Nukta ile nilikuwa nimeizima isionekane. Ningeweza kusema sijui, kompyuta haikuhifadhi. Angeamini, kila mtu huamini hivyo. Nikaiwasha. Ikatokea chini kabisa, ukingoni mwa skrini, na bluu yote ile katikati.

"Mimi nilikosea," nikamwambia. "Niliuchora mlima mahali sipo. Boti haikuwa karibu nanyi. Nilikwambia ipo, na haikuwepo."

Aliweka kidole kwenye nukta ya mumewe, na kidole gumba akakinyoosha kuelekea ile nyingine. Hakikufika. Akajaribu tena, akarudisha mkono.

"Mana yanje, Mungu wangu," alisema. "Alikuwa anaogelea kwenda kule."

"Ndiyo."

Sikumwomba msamaha. Nilikuwa nimeupanga usiku kucha nao ukanikauka mdomoni. Alimrekebisha mtoto mgongoni, akafunga kitenge upya, akakaza.

"Nitolee kwenye karatasi," akasema. "Hawa watauliza."

Mkono wangu ulikwenda kwenye kipanya, ukasimama juu ya ile nukta ya kwanza. Aliuona.

"Zote mbili," akasema.

Nikachapisha zote mbili.