Malaika wa Chapati

Baada ya mafuriko kutufagia kule Ruiru, kila mtu aliyelala pakavu alikuja kunifundisha kushukuru. Shukuru uhai, waliniambia. Shukuru wanao. Mimi mlango ukigongwa tu, hata na mtoto wa jirani anayeomba chumvi, sufuria ilikuwa ikiniponyoka. Kwa dada yangu Thika, nilikohamia na wanangu, wageni walizoea kuniita wakiwa nje badala ya kubisha. Hayo hakuna aliyetaka kuyasikia.

Walichotaka ni ushuhuda. Jumapili moja sisi tuliookoka katika ploti ile ya vyumba vya kupanga kando ya mto tuliitwa mbele ya kanisa. Wa kwanza, fundi wa viatu, akasema malaika alimgongea mlango maji yakiwa magotini. Makofi. Wa pili naye akamleta malaika huyohuyo. Vigelegele. Dada akanisukuma kwa kiwiko, zamu yangu imefika.

Nilikuwa nachemka. Benchi la mbele alikaa shosho mmoja, bibi mzee, mikono mapajani. Binti yake ndiye aliyekuwa jirani yangu, muuza chapati, na maji yalimchukua. Sasa mama mtu anaketishwa pale asikilize jinsi Mungu alivyotupenda sisi. Kwani binti yake hakupendwa? Watu wazima na akili zao, hakuna aliyejiuliza.

Nilishika maikrofoni nikasema sikuona malaika yeyote. Aliyetugongea ni muuza chapati. Alikuwa akiamka alfajiri kukanda unga, kwa hiyo maji yalimkuta yuko macho, na angeweza kupanda zake barabarani akapona. Badala yake alipita mlango kwa mlango na kile kifimbo chake cha kusukumia chapati, akigonga na kututukana kwa Kikuyu, tuamke, ng'ombe sisi. Alikuwa amebakisha mlango mmoja ukuta ulipomwangukia.

"Malaika gani ana matusi hivyo?" nikawauliza.

Mchungaji akaomba tusimame tuimbe, na mimi nikarudi kuketi nikiwa bado na hasira ya kumpasua mtu.

Baada ya ibada shosho alinishika mkono nje. Akaniambia kwamba watu wa mazishi walimhakikishia binti yake alikufa usingizini, hakuhisi kitu. Nilitamani ardhi inimeze. Uongo huo ndio uliokuwa ukimlaza, na mimi nilikuwa nimeurarua mbele ya kanisa zima.

"Shosho, nisamehe."

Alitaka kujua kama kweli binti yake alitutukana. Nikamwambia ndiyo, na mimi nilitukanwa kuliko wote kwa kuwa nilizubaa kitandani na mtoto mkononi.

Alijifuta macho kwa leso, taratibu.

"Huyo sasa ndio mtoto wangu," akasema. "Yule walisema alikuwa amelala, mimi sikumjua."