Bunduki Kwenye Buti

Mimi na baba tulikuwa tunatoka Buffalo, Marekani, kwenda Kanada kuwinda kulungu. Bunduki yangu ilikuwa kwenye buti la gari, imefungwa kwa kufuli, na fomu ya kuitangaza mpakani nilikuwa nayo. Ofisa wa mpaka alipouliza kama tuna silaha, baba akaniwahi: "Hapana!"

Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kwenye usaili wa kuja Marekani, aliulizwa swali hilo mara nyingi, na jibu lilikuwa hilo tu.

Ofisa akakunja uso. Niliogopa kwamba wangeichukua bunduki na kuturudisha.

"Baba, leo tunayo," nikasema, nikatoa fomu.

Baba akainua mikono. "Ni ya huyu mwanangu. Mimi nimebeba chapati tu."

Ofisa akasoma, akaturuhusu. Nimezoea kumbishia baba kila kitu. Siku ile sikubisha; niliishika mikono yake iliyokuwa bado juu, nikaishusha taratibu.