Bolti za ndege ya mume wangu zililika ikiwa imesimama tu

Wakuu, hamjambo. Mimi ni mama mzee, naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo sina nguvu ya kuwatungia uongo. Haya yalinipata mwenyewe.

Nimeona humu mtu akiuliza juu ya ndege ya kujitengenezea nyumbani, kwamba stiki, yaani usukani wake, imeanza kulegea. Nikakumbuka mambo.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya. Tuliishi kati ya Busia na Nambale. Mume wangu, Wandera, alikuwa fitter, fundi wa mitambo, kwenye kiwanda cha pamba, na zamani aliwahi kufanya kazi na mafundi wa ndege Kisumu. Akaleta nyumbani ramani ya ndege ndogo ya mtu mmoja. Kuijenga ilichukua miaka minne.

Mimi ni fundi cherehani. Kitambaa chote cha mabawa nilishona mimi. Naomba hilo lijulikane, kwa sababu watu walimsifu yeye peke yake.

Ikaruka. Mara tatu, fupi fupi, juu ya malisho ya jirani. Halafu ikakaa hapo nje mwezi mzima, kwa sababu hatukuwa na nyumba ya kuiweka.

Siku moja Wandera akatangaza kanisani kwamba Jumapili ijayo ataruka mpaka Malaba na kurudi, watu waje kuona.

Jumamosi tukaikagua. Yeye alishika stiki, mimi nikashika kibawa, yaani kile kibao cha nyuma ya bawa kinachoinamisha ndege. Nikakisukuma. Kikasogea upana wa vidole viwili na stiki haijatikisika.

"Baba Nekesa," nikamwita kwa jina la mtoto wetu, "hii imelegea."

"Kidogo ni kawaida."

"Hii si kidogo. Cherehani yangu ikilegea hivi kwa pedali, naifungua. Na cherehani haipandi juu."

Nikamwambia asipoifungua naenda kwetu Amukura na watoto, na Jumapili atazikwa na hao aliowaalika.

Alichukua spana kwa hasira.

Tulipofungua, bolti ilikuwa imekula tundu la mkono wa alumini unaosukuma kibawa, mpaka likawa kama yai. Grisi aliyopaka kwa wingi ilikuwa imeshika vumbi la murram, ule udongo mwekundu wa barabarani, ikawa inasaga kama msasa.

Jumapili watu walikuja. Wakaikuta imefunguliwa, wakacheka, wakaenda zao. Wandera hakuongea na mimi siku nne. Nilikuwa nimechoka, wakuu. Kulima, kushona, watoto, na sasa kununiwa.

Siku ya tano nikampelekea chakula kule malishoni. Hakuwepo, nikakaa chini ya bawa kumngoja. Upepo wa mchana ukaanza. Nikasikia tak, tak, tak. Ni kibawa cha upande wa pili, ambao hatukuwa tumeufungua, kinajipigapiga. Ndani hakuna mtu.

Alipokuja nikamwambia, "Kaa hapa. Usiongee, sikiza."

Akakaa. Tulisikiza mpaka chakula kikapoa.

"Kumbe inalika ikiwa imesimama," akasema.

Safari tatu fupi hazingekula alumini namna ile. Ni upepo wa mwezi mzima.

Akasawazisha matundu, akaingiza bushi za shaba, yaani vipete vya kukaa ndani ya tundu, na ndani ya kila bushi kipande cha bomba la chuma. Bolti ikakazwa na hicho kipande, isizunguke tena. Ikilika, unabadilisha bushi, si mkono mzima. Mimi nikakata washa za felti, vile viduara vya kuvalishwa bolti, kutoka kofia kuukuu, kuzuia vumbi. Grisi kidogo tu, na ile ya zamani ipanguswe kwanza. Kila ikitua, stiki inafungwa kwa mkanda na vibawa vinabanwa kwa vibao.

Akaenda Malaba siku ya kazi, bila watazamaji. Mimi tu. Nilikaa kwenye nyasi kumngoja.

Alipotua akaja akakaa kando yangu.

"Stiki imenyamaza." Baadaye kidogo, "Kesho niende tena?"

"Kesho tunapalilia mtama."

Tukapalilia.

Aliiendesha miaka miwili hivi, kisha injini ikaharibika na vipuri havikupatikana. Wandera alikufa mzee, kitandani kwake. Kwangu hayo yanatosha.

Nilichojifunza: usikague chombo kwa kazi kilichofanya tu. Uliza pia kilikaaje kilipokuwa hakina kazi.

Wenye ndege, pikipiki, hata cherehani, semeni yenu. Nitasoma yote, ila kujibu nitachelewa.