Metali Katikati ya Pete

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bi Bogumiła Sroka ni namna alivyofunga mlango: aliuegemeza kwenye kiganja, akausindikiza polepole ili usitoe sauti. Maabara nzima hapa mjini Wrocław tuliiga, maana kabatini mwake mlikuwa na fuwele zinazokua, na fuwele changa haitaki kutikiswa.

Alikuwa akisubiri moja tu. Zamani yeye na rafiki yake Wanda waliunda pete kubwa ya atomi, wakachapisha makala kwamba metali iitwayo europiamu imekaa katikati ya pete hiyo. Picha ya eksirei ya kuthibitisha hawakuwa nayo, kwa sababu picha hiyo huhitaji fuwele, nao kila mara walipata unga. Wanda alifariki Februari. Bi Bogumiła anastaafu mwisho wa Juni, na bado hajui kama waliandika kweli.

"Metali yenu imepanda juu ya pete kama kofia," Zenon, fundi wa mashine ya eksirei, alimtania wakinywa chai. "Ndani haienei."

"Kofia vaa wewe, mwenye kipara."

Aprili, siku ya mtakatifu mwenye jina la Zenon, ambayo hapa husherehekewa kama siku ya kuzaliwa, tukila keki ya mbegu za mpopi, fuwele ilionekana: ndogo kama punje ya chumvi, angavu. Kwa furaha Bi Bogumiła akaitoa kwenye kimiminika chake, akaiweka chini ya darubini ili sote tuione. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba fuwele ya aina hiyo ikikauka hufa. Tukiwa bado tunapokezana, ikaingia ukungu, ikapasuka, ikawa unga.

Alifuta kioo. "Wanda angenichapa," akasema.

Akaanza upya: kichupa ndani ya chupa yenye etha, kimiminika kivukacho upesi, ili mvuke wake uingie kichupani taratibu. Leo asubuhi fuwele nyingine ilikuwa imeota. Safari hii hakuita mtu. Aliizamisha kwenye tone la mafuta, akampelekea Zenon, naye akaiweka haraka kwenye baridi kali ya mashine.

"Na ikiwa iko nje ya pete?" Zenon aliuliza, bila utani.

"Nitaandika kwamba tulikosea. Kwa majina yetu yote mawili."

"La marehemu pia, Bi Bogumiła?"

"Wanda hakuwa mwoga. Haya, washa."

Mashine inaigeuza fuwele kidogo kidogo. Bi Bogumiła amekaa mbele ya skrini, koti bado mwilini. Zenon anasema atomi zitaanza kuonekana kabla ya giza kuingia. Hakuna aliyekwenda nyumbani.