Siku Baba Aliyonyamaza Kasubi

Tarehe 14 Machi mwaka huu tulimzika baba. Watu waliongea mengi kaburini, na karibu wote walitaja maneno yake, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuongea. Mimi nilikuwa nawaza siku moja aliyonyamaza.

Ilikuwa Agosti 1974, nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa akikaza mataruma ya reli Eldoret, na kila mwaka reli ilimpa pasi ya kusafiri bure na familia. Alipomposa mama alimwahidi kumpeleka Kampala akaone nyumba ya makaburi ya wafalme. Miaka kumi ilipita. Mwaka ule tulikwenda, tukalala Nsambya kwa ndugu yake katika nyumba za reli, na kesho yake asubuhi tukapanda kilima cha Kasubi, yaliko makaburi hayo. Treni ya kurudi ilikuwa jioni ileile.

Nyumba yenyewe ni ya nyasi, kubwa kuliko kanisa letu. Mlangoni walikaa akina mama wazee wanaoitunza. Baba, aliyekuwa amevaa suruali yake ya kaki ya kazini, iliyopigwa pasi, aliwaamkia kwa Kiswahili chake kizuri, akaeleza tulikotoka na kuomba ruhusa ya kuingia. Wale wazee walitazama chini. Mmoja tu alijibu.

“Nyumba iko funga. Leo hakuna kuingia.”

Mlango ulikuwa wazi. Baba akadhani hajaeleweka, akarudia kwa sauti zaidi. Kadiri alivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kujikunyata. Mama akamvuta mkono.

“Baba watoto, nyamaza. Wanafikiri wewe ni askari.”

Sikuwa nimewahi kumwona baba akiishiwa maneno. Miaka ile ya utawala wa kijeshi, Kampala, mwanamume wa kaki aliyesema Kiswahili mlangoni kwako alikuwa amekuja kuchukua mtu. Sisi kwetu kilikuwa lugha ya adabu, na hatukuwaza jambo hilo hata kidogo.

Mama alizaliwa mpakani, ambako kanisani walisoma Biblia ya Kiganda. Alipiga magoti majanini, akawaamkia mmoja mmoja kwa Kiganda chake cha kanisani. Walizungumza kitambo. Baadaye alitueleza kuwa walimuuliza kama mumewe amegeuka bubu ghafla, naye akajibu, “Laiti angekuwa.” Ndipo wakacheka, wakatupisha.

Tulivua viatu. Ndani kulikuwa na giza la baridi na harufu ya nyasi kavu. Baba alikaa mkekani amekunja miguu, mikono mapajani, mama pembeni yake. Mbele yetu kulining'inia pazia la gome la mti, na mmoja wa wale akina mama akasema nyuma yake ni msitu, na kwamba wafalme hawafi, huingia humo. Mama alitafsiri kwa kunong'ona. Mimi niliona pazia tu. Nilipogeuka nikamwona baba hatazami pazia, anamtazama mama.

Tulipotoka, baba alisema neno moja la shukrani alilofundishwa na mama pale pale: “Weebale.” Alilitamka vibaya sana. Yule aliyetukataza alicheka mpaka akashika nguzo, akaingia kibanda cha pembeni, akarudi na ndizi zilizopikwa, zimefungwa kwa jani. Akampa baba, si mama. Tulizila ndani ya treni kabla ya kufika Jinja.