Vitunguu vya Arobaini

Mbwa wetu wa shamba nilimlisha miaka minne bila kumgusa hata siku moja. Kwetu mbwa ni najisi. Mate yake yakikupata, unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilikuwa namwekea chakula kwenye sufuria bovu, narudi nyuma, naye anangoja nisogee ndipo ale. Adabu hiyo wapo binadamu hawana. Shamba liko njia ya Kilambo, muhogo na mikorosho michache, na asingekuwa yeye nguruwe pori wangetuachia mashimo matupu.

Alikula ugali wa muhogo na vichwa vya samaki. Msimu wa maboga nilimchemshia boga. Matango yaliyopinda alijitafunia mwenyewe, na hakuna kilichomdhuru. Nikaona mboga ni mboga tu.

Kwenye arobaini ya baba, wanawake wa ukoo walimenya gunia zima la vitunguu. Pilau liliisha, ila rojo zito la vitunguu lilibaki ndoo nzima. Kaka yangu, aliyekuja na gari lake kutoka Magomeni ya mjini kwetu, akasema, "Mpelekee mlinzi wako, naye ale sadaka ya mzee." Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Siku tatu mfululizo nilimmiminia, akalamba mpaka sufuria likang'aa.

Siku ya tano hakuinuka kunilaki. Mkojo wake ulikuwa rangi ya kahawa. Nikampigia kaka simu, aje tumpeleke mjini kwa bwana mifugo.

"Mbwa, kwenye gari langu? Mwache, dada, kavimbiwa huyo."

Nikampigia bwana mifugo mwenyewe. Aliuliza amekula nini. Nilipomwambia, akaguna.

"Vitunguu ni sumu kwa mbwa, mama. Vibichi, vya kupikwa, vyote vinamharibia damu. Hebu mfunue mdomo uniambie, ufizi una rangi gani? Kama umepauka nakuja sasa hivi."

Nilikuwa nimeshatia udhu wa adhuhuri. Maji yenyewe nimeyabeba kichwani kutoka kisimani. Mbwa alinitazama, mkia ukapiga chini mara moja.

"Mwekundu," nikasema.

"Basi afadhali. Mpe maji, nitapita kesho asubuhi."

Nikasali. Mpaka leo namlaumu kaka mbele za watu, na watu wananiunga mkono, kwa sababu hiyo simu ya pili sijamsimulia mtu.

Bwana mifugo alipofika asubuhi, mbwa alikuwa ameshakauka. Nilipiga magoti, nikamfunua mdomo kwa mkono mtupu. Ufizi ulikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa. Yule bwana aliutazama, akanitazama mimi, akafunga mkoba wake.

Nilikwenda kuosha mkono. Mara saba, mojawapo kwa udongo, kama nilivyofundishwa. Haikunichukua hata dakika tano.