Chupa ya Nyuzi Mbili Nyekundu

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Sokoni na mtaani kote walimwita Bi Subira, na jina hilo alilipata kwa mdomo wake mwenyewe. Mteja akija kulalamika kwamba amejipaka mafuta wiki nzima na ngozi bado inawasha, au utosi haujaona unywele hata wa dawa, yeye aliinua kidole, akafumba jicho moja, akasema: subira. Mumewe, fundi baiskeli asiyeishiwa utani, alikuwa akisema mkewe ndiye mfanyabiashara pekee anayemjua ambaye bidhaa yake ya kwanza ni neno, mafuta yanafuata baadaye.

Hakuzaliwa na chupa mkononi. Ujana wake ulikwenda kwa dobi, kati ya beseni na pasi, akifua mashuka ya nyumba za wageni. Sabuni ile kali ilimpasua viganja hata kufunga kifungo cha blauzi ikawa kazi ya kuombea msaada. Ndipo alipoanza kuloweka majani makavu ya mrehani kwenye mafuta ya nazi, akijipaka kila baada ya kazi na kulala na soksi mikononi. Viganja vikalainika. Wenzake pale kwa dobi wakaomba na wao, na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, wakawa wanakuja na chupa tupu na kitu kidogo cha shukrani. Baada ya ngozi akaingia jikoni: mafuta ya alizeti yaliyolala na rosmari na pilipili kavu, ambayo ukiyamwagia hata maharage ya jana yanakuwa ya leo.

Kazi yake ilikuwa na sheria, na ole wake aliyezigusa. Majani yalianikwa kivulini juu ya sinia, chini ya chandarua cha zamani, mpaka ukiyafikicha yanalia. Jani lenye unyevu, alisema, ni maji yaliyojificha, na maji yakiingia kwenye mafuta huyachachisha. Sufuria ndogo aliiweka ndani ya sufuria kubwa ya maji, moto mdogo, mafuta yapate joto la kumwogeshea mtoto na si zaidi. Kisha aliyaacha dirishani wiki kadhaa, akayachuja kwa kitambaa cheupe. Shingoni mwa kila chupa alifunga uzi: mweupe wa ngozi, wa kijani wa jikoni, mwekundu wa nywele. Rafu zilikuwa tatu, na mtu akirudisha chupa kwenye rafu isiyo yake alimtazama kana kwamba amemwamkia kwa tusi.

Uzi mwekundu ndio uliomjenga, na uzi mwekundu ulianza na mdogo wake. Huyo alikuwa kitinda mimba, na Bi Subira alimlea mgongoni tangu mama yao alipofariki. Alipokuwa msichana mkubwa alishikwa na homa nzito, akalazwa hospitali, na aliporudi nyumbani nywele zikaanza kumtoka kwa mafungu, kama manyoya ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Aligeuza kioo kikatazama ukuta. Alikataa kutoka nje. Bi Subira hakulala. Alipasha mafuta ya ufuta na rosmari, akaongeza uwatu uliopondwa, mbegu zile zenye harufu ya mchuzi. Uwatu hakuwatilia wateja tena, kwani wa kwanza aliyejaribu alirudi akilalamika kwamba mumewe anasema analala na sufuria. Uwatu ukabaki wa mdogo wake peke yake. Chupa yake ilifungwa nyuzi mbili nyekundu na haikupanda rafuni kamwe.

Nywele zikarudi. Zikarudi nyingi, nyeusi, nzito, mpaka watu wakamsahau jina na kumwita Manywele. Bi Subira aliaga kwa dobi, akakodi kibanda sokoni, na kila Jumamosi Manywele alikuja kukaa kwenye kigoda mbele ya rafu. Alifungua kilemba, akainamisha kichwa, na wanawake wakashika. Hapo Bi Subira alisimulia habari ya homa, ya kioo, ya machozi, na ya chupa. Mganga hajigangi, zake mwenyewe zilikuwa nyepesi tu, lakini nani angemtazama yeye wakati mdogo wake amekaa pale?

Manywele naye alifungua mgahawa mdogo upande wa pili wa mji, karibu na stendi. Chupa moja ikawa haimtoshi, akaomba mbili. Baadaye akaomba dumu dogo. Nywele zimeongezeka, dada, alisema. Mtu mwingine angejiuliza kichwa gani hicho kinachokunywa mafuta kama injini mbovu. Bi Subira alifurahi tu, akafunga nyuzi mbili kwenye mkono wa dumu. Kila alipomuuliza kama anajipaka, Manywele alijibu kwamba anajipaka mpaka mto unalowa.

Kati ya wateja waliozishika nywele zile alikuwapo mwalimu wa chekechea, mama mpole anayeongea kana kwamba watoto wamelala chumba cha pili. Ugonjwa mrefu ulimwacha na kichwa chenye mabaka. Alinunua chupa ya uzi mwekundu kila mwisho wa mwezi, mwaka mzima na zaidi. Siku moja alisema kwa aibu kwamba haoni mabadiliko. Bi Subira hakumwonea huruma siku ile, kibanda kilikuwa kimejaa watu. Alimwambia mbele yao kwamba kosa lake ni moja tu, hana subira, na kwamba anajipaka huku moyo wake unabisha. Mwalimu aliinamisha macho, akaomba radhi, akanunua chupa nyingine.

Sasa sikiliza jinsi kikulacho kilivyojitokeza nguoni.

Ilikuwa mvua, basi. Soko lilijaa maji, Bi Subira akafunga kibanda mapema na kwenda stendi kutafuta usafiri. Akaona heri ajikinge kwa mdogo wake. Manywele hakuwapo, alikuwa amekwenda kutafuta vitunguu. Mpishi hakumjua mgeni wake, akamletea kile anacholetewa kila mtu: sahani ya viazi vya kukaanga. Jirani yake mezani, dereva mmoja aliyekuwa akilamba vidole, alimwambia ana bahati kuvipata vingali vya moto, maana viazi vya hapa vina siri na watu huvifuata kutoka mbali.

Bi Subira alitafuna kimoja. Akaacha kutafuna. Kwanza ilikuja rosmari, na rosmari iko kila mahali, hiyo haikumshtua. Lakini nyuma yake, pale mwisho wa ulimi, ukaja uwatu uliolala ndani ya ufuta. Duniani kulikuwa na mafuta ya namna ile kwenye vyombo vya mtu mmoja tu. Aliinuka, akapita nyuma ya pazia, na kando ya jiko akaliona dumu limekaa juu ya kistuli, limefunguliwa kifuniko, nyuzi mbili nyekundu zimekolea masizi.

Manywele aliporudi alimkuta amekaa jikoni, dumu mapajani kama mtoto mgonjwa. Hakukana. Hilo lilikuwa jambo moja jema, na la pekee, katika siku ile. Alisema alijipaka mara mbili tu zamani hizo, kichwa kikamwasha, akaacha. Daktari alikuwa amemwambia tangu hospitali kwamba nywele zilianguka kwa sababu ya homa na zitarudi zenyewe. Kumwaga mafuta aliona ni dhambi, akakaangia, na watu wakasifu.

"Ningekuambia lini, dada?" alisema. "Nilipotaka kukuambia ulikuwa umeshaacha kazi. Ulikuwa na furaha, jamani. Mimi niivunje?"

"Na mto?" Bi Subira aliuliza. "Ule mto uliokuwa unalowa?"

Manywele aliinama, akaanza kupanga vitunguu vyake.

Mto ndio uliomuumiza kuliko viazi. Uongo mkavu angeweza kuumeza. Lakini huu ulikuwa umerembwa, umepewa mto na foronya, ukawa unaletwa kwake kila mara aulize. Mtoto aliyembeba mgongoni alikuwa akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, miaka yote, na yeye akiinamisha shingo ili apakwe vizuri. Alitoka na mvua yake. Alilia njia nzima na hakujali nani anamwona.

Nyumbani mumewe alisikiliza, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakufanya utani. Alisema viganja vilivyopona kwa mrehani bado vimepona, na mafuta ya jikoni bado ni matamu. Kuhusu habari ya nywele, anyamaze tu, nani atajua? Wapo waliozishika wakaridhika. Bi Subira alimwambia kwamba ndivyo Manywele naye alivyowaza. Lakini usiku ule alijua pia kwamba ukiitoa habari ile, rafu nyekundu ni ukuta mtupu, na rafu nyekundu ndiyo iliyolipa pango.

Jumamosi alifungua kibanda bila kuamua. Hakumtarajia mdogo wake. Manywele alikuja, mkavu wa macho, akavuta kigoda, akakaa, akafungua kilemba kama kawaida. Bi Subira alikosa hata nguvu ya kumfukuza. Aliona aibu kidogo alivyoshukuru kwamba amekuja.

Siku hiyo ilikuwa pia mwisho wa mwezi, na mwalimu akatokea na chupa yake tupu, imeoshwa, imekaushwa, uzi mwekundu bado uko shingoni. Kabla Bi Subira hajafungua mdomo, Manywele aliinamisha kichwa.

"Shika, mwalimu, usiogope," alisema kwa sauti tamu. "Hata mimi zilichelewa. Nilijipaka mpaka mto ukalowa."

Mwalimu alinyoosha mkono. Bi Subira akaudaka hewani kabla haujafika.

"Mwalimu, huyu hakujipaka," alisema. "Mafuta yake amekaangia viazi. Nywele zilirudi zenyewe, kwa sababu ilikuwa homa. Mimi sikujua. Nimejua juzi."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akinusa chupa za jikoni akairudisha aliyoishika kwenye rafu isiyo yake, na safari hii hakuna aliyemtazama vibaya. Manywele alijifunga kilemba taratibu. Mwalimu alikuwa bado ameshikwa mkono na hakuuvuta.

"Juzi," alisema. "Mimi nilijipaka, Bi Subira. Kila jioni, baada ya watoto wangu kulala. Halafu ukaniambia mbele za watu kwamba moyo wangu unabisha. Nilirudi nyumbani nikaamini. Nikawa naujaribu moyo wangu usibishe."

Bi Subira alitaka kumwambia kwamba na yeye ametendwa, kwamba ameumizwa na mtu wa tumbo moja, na yote yalikuwa kweli. Lakini alimwona mwalimu ameinamisha macho vilevile kama siku ile, na akaelewa kwamba uongo aliopewa na mdogo wake kwa siri, yeye aliutoa kwa sauti kubwa, kibandani, na kulipwa juu yake. Alisema samahani. Neno lenyewe lilitoka dogo.

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Akaiweka chupa tupu juu ya meza, akarekebisha kitambaa chake kichwani, akaenda zake bila haraka. Waliokuwapo nao wakakumbuka shughuli zao, mmoja mmoja.

Walibaki wawili. Manywele alisogeza kigoda karibu, akamgusa dada yake begani kwa mkono uliokuwa bado unanukia uwatu.

"Atarudi, dada," alisema. "Wewe subira tu."

Bi Subira alimwambia ainuke. Manywele aliponyanyuka, dada yake alichukua kigoda kile, akakipeleka nyuma ya kibanda, akarudi na kusimama peke yake mbele ya rafu tatu.